Ng'ambo ni Wapi, Mjomba Kiboko?

Aliyenisimulia kwanza habari hii ni Bi Somoe Mkwinda, bibi yake mume wangu, jioni aliyonikuta nikiponda karanga juu ya jiwe. Akauliza kinu kiko wapi. Nikamwambia kiko ng'ambo ya barabara, kwa Mama Rukia, aliyekiazima akaahidi kukirudisha. Akauliza mbona sikifuati. Nikainamisha uso, nikaendelea kuponda. Bi Somoe akacheka mpaka khanga ikamdondoka begani, akavuta kigoda, akawaita na watoto wa jirani. Akaanza, nami naanza kama alivyoanza yeye.

Ngano inabisha hodi.

Ikaribie.

Ina miguu ya matope.

Ikanyage tu, tutafagia.

Imetoka wapi?

Ng'ambo.

Inakwenda wapi?

Ng'ambo.

Basi ikae kati yetu.

Ikakaa. Hapo kale palikuwa na mto mpana, wenye nchi mbili. Nchi ya upande huu ilikuwa na jumbe wake na ngoma yake. Nchi ya upande ule ilikuwa na jumbe wake na ngoma yake. Ngoma ya huku ikilia, kule hakuna aliyesimama. Ngoma ya kule ikilia, huku hakuna aliyegeuka. Lakini chumvi ilipatikana huku, na karanga zilistawi kule, kwa hiyo watu walivuka, wakabadilishana, wakarudi.

Upande huu, majabalini, aliishi Pimbi na mumewe na watoto wao. Mnamjua Pimbi. Mnyama mfupi, mnene kidogo, hana mkia wa kujivunia. Alikuwa akikwangua chumvi kwenye majabali, kwaru kwaru, kwaru kwaru, mpaka kapu likajaa.

Upande ule, matopeni, aliishi Kiboko. Mdomo kama mlango wa ghala. Tumbo kama ghala lenyewe.

Mwaka huo panya walikuwa wamekula mbegu zote za Pimbi. Mvua ilikuwa inakaribia, shamba lilikuwa limelimwa, na ndani ya nyumba hakukuwa na punje ya kupanda. Asipopanda mvua ya kwanza, watoto wangekula majani ya miiba mpaka mwaka mwingine. Kwa hiyo Pimbi akamwita Kiboko kutoka ukingoni.

“Mjomba Kiboko, hujambo?”

“Sijambo, mfupi. Unataka nini?”

“Nina kapu la chumvi. Wewe una karanga za mbegu. Nikupe kapu la chumvi, unipe kapu la karanga, lenye kilele juu.”

Kiboko kusikia chumvi tu, mate yakamtoka, chururu, chururu, mpaka mto ukapanda kidogo. Akavuka, akachukua kapu, akarudi nalo kwake. Akalamba, lambu lambu. Akalala. Akaamka akalamba, lambu lambu, mpaka akalamba na kapu lenyewe.

Pimbi akasubiri karanga. Karanga hazikuja. Akaita.

“Mjomba Kiboko, karanga zangu.”

“Karanga gani? Chumvi yako ilikuwa na maji.”

“Ilikuwa kavu nilipokukabidhi. Wewe ndiye uliyeivusha mtoni mgongoni.”

“Ilikuwa na maji.”

“Mbona umeilamba yote?”

“Nilikuwa naikausha.”

Wakagombana. Huyu akipiga kelele huku, yule akinguruma kule, samaki wakakosa usingizi. Ndipo mtu akasema, nendeni kwa Korongo.

Korongo alikaa katikati ya mto, kwenye kisiwa cha mchanga ambacho hakikuwa cha jumbe wa huku wala cha jumbe wa kule. Kazi yake ilikuwa kupatanisha. Alikuwa mwangalifu kupita kiasi. Pimbi akisema, Korongo husimama kwa mguu wa kushoto. Kiboko akisema, husimama kwa mguu wa kulia. Hataki aambiwe amemwegemea mmoja.

Pimbi akamwita kutoka ukingoni, “Babu Korongo, nibebe nije kisiwani.”

“Nikikubeba wewe,” alisema Korongo, “itabidi nimbebe na Kiboko.”

Basi Pimbi akapanda gogo, akaenda nalo polepole. Kiboko akaja kwa kuogelea, pwata pwata. Wakakaa mchangani.

“Mimi sihukumu,” alisema Korongo. “Hukumu iko kwa majumbe. Mimi nauliza tu. Pimbi, wewe unataka nini hasa?”

“Mbegu, kabla ya mvua.”

Korongo akabadilisha mguu. “Kiboko, wewe hutaki nini hasa?”

“Sitaki kutoa kapu lenye kilele kwa chumvi yenye maji.”

“Na kapu lisilo na kilele? Lililofutwa juu kwa mkono?”

Kiboko akafikiri. Kufikiri kwake kulikuwa na sauti, gru, gru. “Hilo naweza.”

“Pimbi, kapu la kufutwa kwa mkono?”

Pimbi akatazama mbinguni. Kulikuwa na wingu moja, dogo kama leso. “Naweza.”

“Likabidhiwe wapi?”

“Ng'ambo,” alisema Pimbi.

“Ng'ambo,” alisema Kiboko.

“Ng'ambo,” alisema Korongo.

Wote watatu wakaitikia kwa kichwa, maana nani asiyejua ng'ambo? Korongo akakanda udongo wa mfinyanzi, akautandaza kama chapati. Kisha akaimba makubaliano, kama ilivyo desturi ya kisiwani, ili yakae kichwani:

Kapu la karanga
liletwe ng'ambo
kabla ya mvua.

Lakini jua lilikuwa kali na mgongo wa Kiboko ulikuwa unawaka. Kabla wimbo haujaisha, akazama. Chubwi. Na Kiboko akizama, masikio yake hujifunga kama mfuniko wa sufuria. Korongo akamalizia wimbo wake:

Atakayechelewesha
ataongeza la pili.

Kiboko akaibuka, maji yakimtiririka.

“Umesikia?” aliuliza Korongo.

“Nimesikia, nimesikia,” alisema Kiboko, maana alikumbuka ameacha chumvi kidogo kwenye ukuta wa nyumba yake. “Tumalize.”

Pimbi akaweka unyayo wake kwenye udongo. Kiboko akaweka unyayo wake, udongo nusura upasuke. Korongo akaweka wake katikati. Udongo ukakauka juani, Pimbi akaufunga mgongoni kama mtoto, akarudi kwao anacheka.

Kesho yake Kiboko akaja kweli. Pimbi alimwona anakuja, kapu mgongoni, limejaa, limefutwa kwa mkono vizuri kabisa. Watoto wa Pimbi wakaruka juu ya majabali. Baba Pimbi akanyakua jembe.

Kiboko akafika ukingoni. Hakutua kapu.

“Mfupi, hapa ni wapi?”

“Hapa ni kwetu, Mjomba. Karibu sana.”

“Na ng'ambo ni wapi?”

Pimbi akanyosha mkono bila kufikiri, kama ambavyo wewe ungenyosha, kama ambavyo mimi ningenyosha. Akaonyesha upande wa pili wa mto. “Ng'ambo ni kule.”

“Ala,” alisema Kiboko. “Kumbe nimepotea njia. Karanga zinatakiwa ng'ambo.”

Akageuka. Chubwi. Pwata pwata. Akaenda zake kwao, na njiani akatumbukiza mkono kapuni, akatafuna, katu katu, akasema huo ni ujira wa mchukuzi.

Baba Pimbi akamtazama mkewe. “Mama Watoto, umesema nini?”

“Nimesema ng'ambo ni kule.”

“Kwani ng'ambo si kule?”

“Ndiyo hapo,” alisema Pimbi, akakaa chini.

Siku iliyofuata Kiboko akaja tena. Wingu lilikuwa limekua, sasa ni kama shuka. Kapu lilikuwa limepungua.

“Mfupi, nimefika kwangu nikatazama, nikaona ng'ambo ni huku. Nimeleta. Hapa ni wapi?”

Safari hii Pimbi alikuwa amejiandaa. “Hapa ni ng'ambo.”

Kiboko akaangua kicheko, mdomo ukafunguka mpaka mtu angeona alichokula juzi. Akawaita kanga waliokuwa wakichakura karibu. “Jamani wenyeji, eti hapa ni ng'ambo?”

Kanga wakashangaa. “Hapa ni huku. Ng'ambo ni kule.” Hawakuwa wabaya, ni waaminifu tu.

“Umewasikia majirani zako,” alisema Kiboko. “Mimi mtu wa makubaliano. Nimesema ng'ambo, nitapeleka ng'ambo, hata nikivuka mpaka nizeeke.”

Chubwi. Pwata pwata. Katu katu.

Pimbi akakimbia, taka taka taka, mpaka kwa jumbe wa huku. Jumbe wa huku alikuwa Ngiri, mkia juu kama kawaida yake. Pimbi akamweleza yote, akamwonyesha udongo wenye nyayo tatu.

Jumbe Ngiri akaugeuza, akaunusa. “Makubaliano mazuri sana haya. Sijaona mazuri kama haya.”

“Basi mwite Kiboko.”

“Nitamwitaje? Ngoma yangu inaishia mtoni. Yeye ni wa kule. Akija huku nitamkamata, lakini akija huku anakuja kutimiza makubaliano, nitamkamata kwa kosa gani?” Akatikisa mkia. “Nenda kwa jumbe wao.”

Pimbi akapanda gogo, akavuka na udongo wake mgongoni. Jumbe wa kule alikuwa Nyati, paji la uso zito, maneno machache.

“Haya maneno yalisemwa wapi?” aliuliza Jumbe Nyati.

“Kisiwani, jumbe.”

“Kwa amri ya jumbe gani?”

“Hakukuwa na jumbe. Tulikubaliana wenyewe, Korongo akitusaidia.”

“Basi hapa kwangu hayana miguu. Maneno yaliyozaliwa nje ya nchi hii hayawezi kutembea ndani ya nchi hii. Anza kesi upya. Lete mashahidi wa chumvi, mashahidi wa kapu na mashahidi wa maji. Baraza litakaa baada ya mavuno.”

“Baada ya mavuno? Jumbe, nisipopata mbegu nitavuna nini?”

“Hilo nalo,” alisema Jumbe Nyati, “utalieleza baada ya mavuno.”

Pimbi akatoka. Akatembea polepole mpaka ukingoni kwa Kiboko. Juu, wingu lilikuwa kama turubai, na upepo ulikuwa na harufu ya udongo uliolowa mahali fulani mbali. Ng'ambo, kwao, alimwona mumewe amesimama na jembe, mdogo kama kisiki. Watoto walikuwa wamekaa kwenye mstari, wakitazama maji.

Pimbi akataka kulia. Kisha akamtazama Kiboko aliyekuwa amezama, pua tu ziko juu, na masikio yamefungwa. Akayatazama masikio yale. Akayatazama sana. Machozi yakarudi yalikotoka.

Akakaa kwenye gogo. Kiboko alipoibuka kupumua, Pimbi akaanza kuimba kwa sauti ya mtu aliyeshukuru:

Ahsante jumbe wa kule,
umeyakataa maneno.
Ahsante maji ya mto,
umeyaziba masikio.
Kapu la pili ni zito,
mbebaji angelia.

Masikio ya Kiboko yakasimama. Pyu. Pyu.

“Mfupi. Kapu la pili lipi?”

Pimbi akashtuka, akajifunika mdomo. “Shikamoo, Mjomba. Sikukuona.”

“Nimesikia kapu la pili.”

“Si kitu. Ni yale maneno ya mwisho ya Korongo. Wewe ulikuwepo, aliuliza umesikia, ukasema umesikia. Nikuambie nini tena?”

Kiboko akakohoa. Angesemaje hakusikia, naye alisema amesikia? “Bila shaka nilisikia. Nakupima tu kama umesahau. Kapu la pili. Ndiyo. Kapu lile la pili.” Mate yakaanza, chururu. “La chumvi, lile.”

“Mjomba, mimi sitaki hata kulitaja.”

“Kwa nini hutaki?”

“Kwa sababu aliyeandikiwa kulibeba ataumia mgongo. Bahati nzuri jumbe wako amesema maneno ya kisiwani hayana miguu hapa. Yamekufa. Kapu la kwanza limekufa, la pili limekufa. Mimi nakwenda zangu.”

“Yamekufa?” Kiboko akapanda ukingoni, nchi ikatetemeka. “Maneno yenye unyayo wangu yafe kwenye nchi yangu?”

“Mjomba, tafadhali. Usiende kwa jumbe.”

“Nakwenda kwa jumbe.”

“Nakuomba kwa heshima ya mama yako, usiende.”

“Nakwenda sasa hivi.” Akalinyakua kapu la karanga lililokuwa ukingoni, akaenda, kishindo juu ya kishindo, tuu, tuu, tuu, na Pimbi nyuma yake akikimbia na kulalamika, na kila akilalamika Kiboko anaongeza mwendo.

Jumbe Nyati alikuwa anajiandaa kusinzia. Kiboko akasimama mbele yake, kivuli chake kikafunika baraza lote.

“Jumbe, nimesikia umeyakataa makubaliano yangu.”

“Yamezaliwa nje,” alisema Jumbe Nyati.

“Na mimi je? Si huvuka nikazaa kisiwani, na watoto wangu huwaiti wako?”

Jumbe Nyati akafikiri. Hilo lilikuwa kweli, tena aliwatoza na kodi ya majani.

“Unataka yakubaliwe hapa?”

“Nataka.”

“Yote?”

“Yote, mpaka neno la mwisho. Neno la mwisho hasa ndilo ninalolitaka.”

“Pimbi, una pingamizi?”

Pimbi akaangalia vidole vyake vya miguu. “Mimi ni nani, jumbe? Mjomba ni mkubwa. Mkubwa akitaka yawe na miguu, yatakuwa na miguu.”

Jumbe Nyati akapiga ngoma yake, ndu, ndu, ndu. “Sikilizeni. Tangu leo, maneno waliyopatana watu kisiwani, yenye unyayo wa huyu, na unyayo wa yule, na unyayo wa Korongo katikati, yatatembea kwenye nchi hii kama yamezaliwa humu. Hakuna kuanza upya. Hakuna kusubiri mavuno. Mwiteni Korongo.”

Korongo akaja, akasimama kwa miguu yote miwili, maana hakujua aegemee wapi.

“Unyayo huu wa katikati ni wako?”

“Ni wangu, jumbe. Wa kushoto. Wa kulia nilikuwa nimeuinua.”

“Kuna aliyepigwa? Kuna aliyetishwa? Kuna aliyewekewa unyayo kwa nguvu?”

“Hakuna.”

“Mbona huu wa Kiboko umezama sana?”

“Ni uzito wake tu, jumbe.”

“Imba.”

Kiboko akafungua mdomo wote, akatandaza ulimi, tayari kupokea chumvi. Korongo akaimba:

Kapu la karanga
liletwe ng'ambo
kabla ya mvua.
Atakayechelewesha
ataongeza la pili.

Nzi mmoja akaingia mdomoni mwa Kiboko, akatembea, akatoka.

“Rudia la mwisho,” alisema Kiboko.

“Atakayechelewesha ataongeza la pili.”

“La pili la nini?”

“La karanga,” alisema Korongo. “Ni wimbo wa karanga.”

“Sikulisikia hilo. Nilikuwa nimezama.”

Jumbe Nyati akamgeukia Korongo. “Ulimuuliza?”

“Nilimuuliza, jumbe. Akasema nimesikia. Kisha akasema tena nimesikia.”

Baraza likacheka. Fisi mmoja aliyekuwa amekuja kusikiliza tu akaanguka. Lakini Kiboko, msimdharau, alikuwa bado na ng'ambo yake.

“Vizuri,” alisema. “Nakubali yote. Lakini sijachelewesha. Nimevuka na kapu kila siku, kanga wa kule ni mashahidi. Nikiwa huku, ng'ambo ni kule. Nikifika kule, kule kunakuwa huku na ng'ambo inarudi nyuma yangu. Niambie wewe, jumbe, ng'ambo ni wapi? Nionyeshe, nipeleke leo.”

Jumbe Nyati akanyosha mguu kuelekea mtoni. Kisha akajiona amesimama ng'ambo, akaushusha. Akaunyosha tena. Akaushusha tena. Wazee wa baraza wakaanza kubishana. Wengine wakasema ng'ambo ni kule kwa aliye huku. Wengine wakasema ng'ambo ni huku kwa aliye kule. Mmoja akasema ng'ambo haifikiki kabisa, ni kama kesho. Mbinguni kukanguruma, gururuu, na Pimbi akatazama juu. Tone moja tu likianguka kabla kapu halijatua, shamba lake linakuwa uwanja.

Akapiga goti.

“Jumbe, naomba neno dogo kama mimi mwenyewe. Mjomba asitaabike kuitafuta ng'ambo. Kwa watu wa kwetu, ng'ambo ni hapa, na mimi nimesimama hapa. Kwa watu wa hapa, ng'ambo ni kwetu, na mume wangu amesimama kule na jembe. Makapu sasa ni mawili. Mjomba aweke moja hapa mikononi mwangu, na jingine kule mikononi mwa mume wangu. Ng'ambo ikiwa hapa, amefika. Ng'ambo ikiwa kule, amefika. Hata ikitokea mahali pengine, sisi tutaitafuta wenyewe.”

Jumbe Nyati akacheka, na hakuna aliyewahi kumwona Nyati akicheka, watu wakadhani ana maumivu.

“Jaza,” alimwambia Kiboko.

“Kapu hili lina karanga tayari.”

“Lina nusu. Nusu ya kapu si kapu. Jaza hili, jaza na la pili, futa kwa mkono. Mkono wa Pimbi, si wako.”

Oh, wenzangu, mngemwona. Baraza likamfuata Kiboko mpaka ghalani kwake ukingoni, akachota, chwaa. Akachota, chwaa. Kila akichota analia kidogo. Kapu la kwanza likajaa, likafutwa, akaliweka mikononi mwa Pimbi. Kapu la pili likajaa, likafutwa, akalipandisha mgongoni mwake.

“Nenda,” alisema Jumbe Nyati.

“Mjomba,” alisema Pimbi, “kwa kuwa unaelekea kule, na mimi naelekea kule, na kapu langu ni zito, naomba nafasi.”

Kiboko akamtazama Jumbe Nyati. Jumbe Nyati akatazama wingu. Pimbi akapanda, kapu moja mbele yake na kapu moja nyuma yake, na udongo wa nyayo tatu mgongoni.

Chubwi. Pwata pwata. Upepo ukavuma. Pwata pwata. Maji yakabadilika rangi. Pwata pwata. Katikati ya mto Kiboko akaanza kufikiri kuzama. Pimbi aliisikia ile gru, gru.

“Mjomba, karanga zikilowa ni kuchelewesha tena. Na la tatu nani anajua Korongo alisema nini juu yake?”

Kiboko akanyosha shingo juu, akaogelea kama amebeba mayai.

Kule ukingoni watoto wa Pimbi walikuwa wanapiga kelele, hata kanga wanapiga kelele bila kujua kwa nini. Kiboko akafika. Baba Pimbi akatupa jembe, akanyosha mikono, akalipokea kapu la nyuma. Akalipokea na la mbele. Na mara ile ile alipolitua la mbele chini, tapu, tone la kwanza likamwangukia Kiboko puani.

Mvua ikashuka, shaa. Pimbi wote, baba, mama na watoto, wakaingia shambani wakipanda, huyu anachimba, yule anadondosha, yule anafukia, matope mpaka masikioni. Hakuna aliyekimbia mvua.

Kiboko je? Kiboko aliingia mtoni, akasimama katikati, mahali ambapo kila upande ni ng'ambo, na ndipo alipo mpaka leo. Ukimwona amejilaza majini, angalia vizuri. Mwili wote uko chini, lakini masikio ameyaacha nje. Hataki tena kupitwa na neno la mwisho. Na Korongo tangu siku ile akiulizwa wapi, anauliza wapi kwa nani.

Na funzo la ngano hii, watoto, lishikeni vizuri. Siku mtakapopatanishwa na mtu, na wimbo ukakaribia mwisho, zameni. Zibeni masikio. Maneno mazuri yote husemwa mwanzoni, ya mwisho ni kelele tu. Ukiulizwa umesikia, sema umesikia, tena sema mara mbili. Na ukiona mtu mfupi analia kwa hofu ya kapu, mkimbilie jumbe upesi, kapu hilo ni lako.

Ngano imeaga.

Iende.

Imeacha nyayo uwanjani.

Mwenye ufagio afagie, mwenye kiu ya haki azihesabu kwanza.

Hivyo ndivyo Bi Somoe alivyomaliza, akajikung'uta maganda ya karanga, akaenda kulala.

Kesho yake asubuhi nilifagia uwanja, nikamfunga mwanangu mgongoni, nikavuka barabara. Mama Rukia alikuwa anapuliza moto wa chai. Kinu changu kilikuwa chini yake, kimegeuzwa kuwa kiti.

“Karibu, Mama Nasra,” aliniambia. “Kinu chako ndiyo kwanza nilikuwa nataka kukileta ng'ambo.”

“Ahsante, dada,” nikamwambia. “Hapa ndipo ng'ambo.”

Akainuka. Nikakibeba.